Walii Yuko Ng'ambo ya Mpaka: Safari ya Harusi Kutoka Tororo Hadi Mombasa

Kadi ya harusi itokayo Mombasa inapofika Tororo, iwe ya karatasi au iwe imepigwa picha na kutumwa kwa simu, huleta mambo mawili kwa pamoja. Huleta furaha, maana binti wa ukoo amepata mume. Na huleta hesabu, maana kati ya Jabali la Tororo na Bahari ya Hindi pana mpaka wa nchi, pana Bonde la Ufa, na pana mwendo wa zaidi ya kilometa 900. Aghalabu mwenye nyumba hutabasamu kwanza, kisha hukaa kimya. Mkewe ajua vema kimya hicho kina maana gani.

Chukua mfano wa askari mmoja mkazi wa Tororo, mwenye mke na watoto watatu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, naye alihamishiwa Mombasa kama walivyohamishwa watu wengi wa Uganda na wa magharibi ya Kenya siku zile. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, na shirika likagawanywa kila nchi na lake, mzee yule alirudi Tororo na mkewe. Mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa akisoma, aliachwa kwa jamaa Changamwe. Akakua huko, akaoa huko, akazaa huko, na huko akafariki. Askari huyu ni mdogo wake, aliyezaliwa Tororo baada ya hapo.

Sasa binti wa marehemu anaolewa. Babu yake amekwisha kufariki, na binti mwenyewe hana kaka. Kwa sheria ya Kiislamu kama inavyofuatwa na watu wa pwani, yaani madhehebu ya Shafii, mwenye haki ya kumwoza ni baba yake mdogo. Basi askari huyu hakualikwa kula pilau tu. Yeye ndiye walii. Yeye ndiye atakayemshika mkono bwana harusi mbele ya mashahidi na kutamka maneno ya kumwoza.

Yafaa ieleweke kwamba asipofika, ndoa haitakwama. Walii aliye mbali anaweza kumweka wakili, na kama hapatikani kabisa, kadhi husimama mahali pake. Lakini watu wa ukoo hawalipimi jambo hili kwa sheria peke yake. Binti aliyefiwa na baba, akiozwa na kadhi ilhali ana baba mdogo mzima, mwenye afya na mshahara wa kila mwezi, atakuwa na jambo la kulikumbuka kila atakapokosana na mawifi zake. Wao nao watalikumbuka.

MPAKA ULIOPITA KATIKATI YA UKOO

Si ajabu kwamba jamaa wa namna hii wapo. Mpaka wa Uganda na Kenya mahali hapa ni mpya kuliko koo zinazokaa hapo. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki ya Busia, kufikia karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ndipo Waingereza wakaiondoa na kuiunga na himaya yao ya mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari ulipita katika mto Sio na mto Malaba, ukawaacha Wasamia pande zote mbili, na Wateso hali kadhalika. Mji wa Busia wenyewe ni miji miwili yenye jina moja. Mama wa upande huu huvuka kwenda kununua sabuni, na mama wa upande ule huvuka kuja kununua mahindi, kila mmoja akitazama siku hiyo shilingi ipi ina nguvu.

Hata uhusiano na Mombasa si wa jana. Kabla ya reli, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Mumias, makao ya Nabongo wa Wawanga, ikielekea Busoga na Buganda. Na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Na ile njia kuu ipitayo Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo, kijana wa Tororo aliyetaka kuiona bahari aliweza kupanda gari moshi mjini kwao.

Walakini mpaka huu umewahi kufungwa, na waliokuwa na jamaa ng'ambo waliumia. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda, na urafiki wa nchi mbili ukaingia baridi. Mwezi Desemba 1987 askari wa pande mbili walirushiana risasi pale pale Busia, watu wakafa, na njia ikafungwa mpaka Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, abiria walizuiwa kuvuka, na madereva wa malori walilala siku nyingi barabarani wakingoja majibu ya vipimo. Hapana shaka kwamba harusi nyingi za mwaka ule zilifungwa bila ya wajomba na bila ya shangazi.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilirudi kwa mkataba uliotiwa sahihi Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Mwezi Februari 2018 marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Zamani msafiri alipanga foleni ya kutoka Uganda, akatembea, kisha akapanga foleni nyingine ya kuingia Kenya. Sasa atokaye Uganda hupitiliza moja kwa moja mpaka upande wa Kenya, na humo ndani ya jengo moja huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. Arudipo, hufanya vivyo hivyo upande wa Uganda. Mama mwenye mtoto mgongoni na sanduku mkononi ndiye ajuaye faida ya jambo hili.

RUHUSA NA VYETI KABLA YA NGUO

Makosa ya familia nyingi ni kuanza na nguo. Mke hukimbilia kwa fundi cherehani, watoto huulizana nani atakaa dirishani, na baba huwaza nauli. Vyeti hukumbukwa siku ya mwisho. Inafaa iwe kinyume chake.

Askari, awe wa jeshi au wa polisi, hapati kuvuka mpaka kwa likizo peke yake. Likizo humwondoa kazini, haimwondoi nchini. Lazima aombe ruhusa ya kwenda nje ya nchi kwa mkubwa wake, kwa maandishi, akitaja mahali anakokwenda, sababu, na siku ya kurudi. Maombi hayo hupanda ngazi moja moja, na kila ngazi ina meza yake na faili zake. Kwa hiyo siku ya kupata kadi ndiyo siku ya kuandika barua.

Nguo za kazi zibaki nyumbani. Si viatu vya jeshi, si kofia, si fulana ya madoamadoa. Kuna vijana waonao fahari kuvaa fulana ya baba safarini. Katika Kenya na katika Uganda pia, raia kuvaa sare za jeshi ni kosa la jinai, na mwenye kukutwa nazo katika nchi ya watu atakuwa na maelezo marefu ya kutoa huku basi likiondoka.

Mintarafu ya hati za kusafiria, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kusafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Jambo hili limewasaidia watu wazima, lakini limewasahaulisha wengi habari ya watoto. Uganda humpa mtu kitambulisho akiwa na umri wa miaka 16. Mtoto aliye chini ya umri huo hana, kwa hiyo yampasa awe na pasipoti, au hati ya muda ya safari itolewayo na idara ya uhamiaji. Cheti chake cha kuzaliwa kifuatane naye. Na kama mama anasafiri na watoto peke yake, kwa kuwa baba amepata siku chache na atafuata nyuma, achukue barua ya baba ya kuwaruhusu, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Ofisa anayemwuliza mwanamke maswali kuhusu watoto alionao hamtukani. Kuna watoto wapitishwao mipakani kwa ubaya, na swali lile ndilo kinga yao.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahauliwe. Chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiwi kuwa na nguvu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho hufaa kwa maisha yote ya mwenye nacho. Kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10 hakihitaji kufanywa upya. Kihifadhiwe pamoja na vyeti vya shule.

MZIGO WA TORORO

Hakuna aendaye harusini mikono mitupu, na mtu wa bara hapaswi kujaribu kushindana na watu wa Mombasa kwa vyombo vya dukani, ambavyo wao wanavyo kwa bei nafuu zaidi. Apeleke kile wasicho nacho. Kopo la odii, ile karanga na simsim iliyosagwa pamoja, litapokewa kwa furaha kuliko seti ya vikombe. Vivyo hivyo unga wa ulezi uliochanganywa na muhogo, na samaki wakavu wa ziwani kutoka Majanji, waliofungwa vizuri ili wasiwanukie abiria wenzao usiku kucha. Kuku hai waachwe. Mifugo na ndege huhitaji karatasi za daktari wa mifugo, na kuku aliyefichwa chini ya kiti cha basi hajui kunyamaza.

Jambo moja hupoteza fedha za wageni wengi kutoka Uganda, nalo ni mfuko wa plastiki, huo uitwao kavera. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017. Sheria inataja faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Kuna wanaocheka wakisikia hivyo, wakidhani ni maneno ya kutishia watoto. Wasicheke. Nguo za watoto na vyakula vitiwe katika vikapu na mifuko ya kitambaa, na mama aikague mizigo ya kila mtu kabla ya kutoka nyumbani, hasa mkoba wa bibi.

Fedha zibadilishwe katika benki au duka lenye leseni, wala si kwa kijana asimamaye njiani na bunda la noti. Anayehesabu upesi kuliko macho ya mteja hahesabu kwa faida ya mteja.

USIKU MMOJA NA ASUBUHI MOJA

Mtu wa Tororo ana njia mbili. Malaba ni jirani zaidi, na barabara yake hupita Bungoma, Webuye na Eldoret. Busia iko kusini, na barabara yake hushuka Kisumu, ikapanda Kericho. Zote mbili hukutana Mau Summit, kisha huteremka Nakuru. Wenye jamaa Busia hupenda njia hii ya pili, maana ukoo hukusanyika huko, wakala chakula cha jioni pamoja, na kupanda basi la usiku wakiwa kundi moja. Mahali popote watakapopitia, wakumbuke kwamba nyanda za Mau zina baridi kali usiku. Mtoto aliyevalishwa nguo nyepesi kwa kuwa “tunakwenda pwani” atatetemeka mpaka Nakuru. Blanketi moja kwa watoto wawili latosha.

Alfajiri basi huingia Nairobi. Hapo familia hupata kuchagua: kuendelea na basi, au kupanda gari moshi jipya. Reli hii ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Huanzia kituo kilicho Syokimau, nje ya jiji, na huchukua kiasi cha saa 5 au 6. Tikiti hununuliwa mapema kwa simu, na kitambulisho au pasipoti huulizwa. Nyakati za sikukuu na likizo nafasi hujaa siku nyingi kabla. Kwa familia yenye watoto, gari moshi lina faida kubwa: kuna choo, mtoto anaweza kutembea, na dirishani kuna shule isiyo na mwalimu. Litapita Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, penye tembo wekundu kwa vumbi la huko. Mahali hapo ndipo, mwaka 1898, simba wawili waliwala wajenzi wa reli ya kwanza mpaka kazi ikasimama.

Aliyechagua basi hupata jambo lingine. Katika Mackinnon Road, kando ya reli ya zamani, upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyekuwa msimamizi wa wajenzi wa reli ile. Wasafiri wengi husimama hapo wakasali. Walii anayekwenda kuoza hana haja ya kuambiwa aombe nini.

KISWAHILI CHA KAMBINI NA KISWAHILI CHA BARAZANI

Kuna mzigo mmoja zaidi ambao askari wa Uganda huubeba bila kujua, nao ni ulimi wake. Tangu siku za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, amri za kijeshi katika nchi hizi zimetolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe katika shule zote. Hata hivyo kwa miaka mingi raia wa kawaida alikisikia kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na kwa sababu hiyo alikiogopa. Lugha iliyojifunzwa kwa amri hubaki na sauti ya amri.

Huko Mombasa lugha hiyo hiyo ndiyo aliyobembelezewa mtoto. Askari akiingia nyumba ya wakwe akasema “Kuja hapa!” au “Leta chai!”, hakuna atakayemgombeza, wazee watatazamana tu, na jioni jambo hilo litakuwa limefika jikoni. Aseme “Naomba maji”, “Tafadhali nipatie kiti”, “Hebu njoo, mwanangu”. Azoee kusalimu kwa ukamilifu. Mlangoni apige hodi na kutoa salamu ya amani, angoje kukaribishwa, avue viatu. Kwa wazee wake kwa waume aamkie “Shikamoo”, na yeye akiamkiwa na vijana asione haya kujibu “Marahaba”. Habari za safari, za watoto, za waliobaki nyumbani, zote huulizwa kabla ya shughuli yoyote. Mtu wa kambi huona kama saa zinapotea. Hazipotei, wakati huo ndipo anapotazamwa.

Mke na watoto nao watasikia maneno mageni. Watu wa Mvita husema “ndoo” badala ya njoo, “ndia” badala ya njia, “mato” badala ya macho. Mtoto aambiwaye “Ndoo!” asidhani anatumwa kuchota maji. Wala asicheke, kwa maana mbele ya wenyeji yeye ndiye mwenye matamshi ya ajabu.

UPANDE WA WANAWAKE

Wanaume wengi hudhani harusi ni ile dakika ya nikahi. Watu wa pwani wajua kwamba harusi yenyewe iko kwa wanawake, na huchukua siku kadhaa. Bibi harusi hutawishwa ndani, husuguliwa singo lenye kunukia, hupakwa hina na kuchorwa piko mikononi na miguuni. Kisha huja usiku wa kupamba, ambapo huonyeshwa katika fahari yake yote mbele ya wanawake peke yao. Wageni huingia na mabuibui, wakayavua ndani, na hapo ndipo hariri na dhahabu huonekana. Hapapigwi picha kwa simu, maana walioko ndani wamejifunua wakijua hakuna mwanamume atakayewaona. Mgeni atakayeipeleka picha ya usiku ule katika simu za watu amevunja heshima ya nyumba nzima.

Hii ndiyo sababu mke wa askari asiachwe Tororo. Ikiwa fedha hazitoshi kuwachukua wote, ni heri watoto wadogo wabaki kwa bibi yao, waende mume, mke, na labda binti mkubwa. Walii akienda peke yake atakuwa amewakilisha nusu ya ukoo. Upande wa bibi harusi utakaa usiku wa kupamba bila mwanamke hata mmoja wa baba yake, na viti vitupu huhesabiwa. Wala mke huyo asione aibu kwa kuwa hana buibui la thamani. Gomesi safi, yenye mabega yaliyonyanyuka na mshipi uliofungwa sawasawa, itatazamwa sana, na atakuwa na kazi ya kueleza jinsi inavyofungwa.

Akitaka kumpa bibi harusi zawadi ya huko huko, aende Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso, ambako duka lijulikanalo kwa jina la Mali ya Abdulla lilianza mwaka 1887. Lakini asinunue kwa rangi tu. Kila leso ina maneno, na maneno hayo husomwa na wote watakaomwona mvaaji. Yapo ya kuomba heri, yapo ya mapenzi, na yapo ya kumchoma jirani. Mgeni asiyesoma anaweza kumpa mama mkwe tusi lililopigwa chapa kwa rangi nzuri. Amwombe mwenyeji amsomee.

Watoto waliokuja watadai bahari, na ni haki yao. Wapelekwe pamoja na mtu mzima ajuaye saa za maji kujaa na kupwa. Mtoto aliyezoea mto Malaba hajui kwamba maji ya bahari huondoka na kurudi, wala kwamba mkondo humvuta mtu mbali bila kelele. Wakae pale wanapoweza kusimama. Siku nyingine watembezwe Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593.

FEDHA ZA KURUDI

Linabaki jambo ambalo halizungumzwi katika kadi. Familia hutumia akiba yote kwa kwenda, ikasahau kwamba barabara ile ile inawangoja kwa kurudi, na kwamba muhula wa shule utafunguliwa juma linalofuata. Ni jambo la kusikitisha kumwona askari ameweka kadi yake ya benki kwa mkopeshaji, pamoja na namba yake ya siri, ili apate nauli ya harusi. Kwa miezi mingi baada ya hapo mshahara wake huchukuliwa na mtu mwingine kabla yeye hajauona, na mkewe hulisha watoto kwa deni la dukani. Kama hapana budi kukopa, vipo vyama vya akiba na mikopo vya askari wenyewe, kama Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, ambavyo riba yake hujulikana tangu mwanzo. Na nauli ya kurudi ilipwe au ifungwe mahali pake kabla ya kutoka Tororo. Ikiwekwa mfukoni pamoja na fedha nyingine itatuzwa kwa waimbaji.

Mchango wa harusi nao utajwe mapema, kwa simu, kiasi ambacho mtu anaweza. Watu wa Changamwe hawajui mshahara wa askari wa Uganda ni kiasi gani; wajuacho ni kwamba baba mdogo ana kazi ya serikali. Akiwaambia kweli mapema watapanga mambo yao. Akinyamaza watasubiri.

Siku ya nikahi wanaume hukusanyika msikitini, wengi wakiwa na kanzu nyeupe na kofia zilizofumwa kwa mkono. Hapana shida kama askari hana kanzu; ataazimwa. Msomaji wa hotuba humwuliza bibi harusi ridhaa yake kwa njia ya mashahidi, na mahari hutajwa waziwazi. Umri pia hutazamwa, kwa sababu sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Kisha walii huketi akikabiliana na bwana harusi, mikono ikashikana. Maneno yenyewe ni machache: kwamba namwoza kwako binti wa ndugu yangu, kwa mahari mliyokubaliana. Bwana harusi hujibu papo hapo kwamba amekubali. Askari ayajifunze maneno hayo njiani, ayatamke pole pole, kwa sauti ya kusikika lakini si ya gwaride.

Baada ya hapo karani huandika daftari. Ataomba namba ya kitambulisho cha walii, naye ataandika namba ya Uganda katika kitabu cha Kenya bila ya kushangaa, kwa kuwa si ya kwanza kuiandika. Walii aombe nakala ya cheti cha ndoa ya kurudi nayo Tororo, iwekwe pamoja na karatasi za marehemu kaka yake: siku kutakapokuwa na neno la urithi wa shamba, binti yule na watoto wake wataihitaji. Hapo sinia za pilau huwa zimeanza kupita, watu wanne au watano kwa sinia moja, na kahawa chungu inafuata nyuma. Ng'ambo ya ukuta vigelegele vimekwisha kupigwa, na kopo la odii limefunguliwa. Shangazi wa Changamwe wanalionja kwa ncha ya kijiko na kumwuliza mgeni wao kama simsim hukaangwa kwanza, au husagwa mbichi.